Salfa Bwawani

Watu wengine wakistaafu hununua kiti cha kuegemea wakakaa barazani kuhesabu wapita njia. Andrea, aliyekuwa msimamizi wa makuli bandarini Mtwara, alijitafutia vitu viwili vya kumnyima usingizi: shamba la mikorosho kule Nanyamba, na bwawa. Shamba alilinunua mwenyewe. Bwawa alikabidhiwa na majirani, waliomfanya mwenyekiti wake kwa kura ya kunyoosha mikono, siku aliyochelewa kufika kikaoni.

Lilikuwa shimo la kifusi lililoachwa na wajenzi wa barabara, upande wa nyuma wa mtaa wa Ufukoni. Chemchemi ikalijaza maji baridi, watu wakajenga kulizunguka, na sasa kila nyumba ilikuwa na dirisha linalolitazama na mtoto anayelilia kuogelea. Kabla ya Andrea, kila mtu alifanya atakavyo. Huyu anaosha bajaji, yule analoweka nguo, mwingine anamwaga utumbo wa samaki. Andrea alivikomesha vyote kwa sauti ileile iliyokuwa ikisikika mpaka ndani ya matumbo ya meli. Akatundika mipira ya ndani ya matairi ya lori kwenye nguzo, tayari kumrushia anayezama, na akapiga marufuku mtoto kuingia majini bila mtu mzima.

Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote ni sahani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati yenye ua la waridi katikati, ameitoboa na kuifunga kamba yenye mafundo. Kila asubuhi aliishusha majini kutoka kwenye gati dogo la mbao. Waridi likionekana mpaka fundo la tatu, alipandisha bendera ya kijani na watu wakaoga. Likipotea kabla ya hapo, alipandisha nyekundu. Tena kulikuwa na kanuni nyingine, aliyoitunga mwenyewe na kuipenda sana: mtu yeyote akitia kitu chochote bwawani, nyekundu inapanda hapohapo na haishuki mpaka afisa afya aje kupima maji.

Laurinda, jirani wa nyumba ya tatu, aliijua vizuri kanuni hiyo. Ndugu zake walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kumtembelea, nguo za kuogelea wamevaa tangu nyumbani kwao, na asubuhi hiyohiyo yeye akajisahau akamwaga ndoo moja tu ya maji aliyooshea perege. Bendera nyekundu ikapanda. Wageni wakarudi makwao wakavu.

"Haya, Mwenyekiti," Laurinda alimwambia siku ile. "Mimi nipo, wewe upo, na bwawa lipo."

Sasa kuna Bibi Magreth, mama mkwe wa Andrea. Alikuwa amekuja kukaa nao tangu mwaka uliopita, na kwa wazee wa ukoo wake mama na mkwe hawashikani mikono wala hawaongei ana kwa ana. Heshima. Basi hata wakiwa sebule moja, chumvi iko mbele ya Andrea, bibi atamgeukia binti yake Lucy na kusema, "Mwambie mkwe asogeze chumvi." Na Andrea atasubiri aambiwe na mkewe ndipo aisogeze. Waliishi hivyo bila ugomvi hata mmoja, jambo ambalo wakwe wengi wangelitamani.

Bibi Magreth alikuwa muumini kuliko waumini wengi, ila hakuwahi kubatizwa. Kanisa lao hubatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima, na yeye aliogopa maji. Alipokuwa msichana mdogo mto uliochafuka kwa mvua ulimchukua kaka yake mbele ya macho yake. Watu walipiga mbizi mpaka jua likazama, na maji yalikuwa tope tupu, hayakuonyesha kitu. Tangu hapo, maji yasiyoonekana chini yake hakuyasogelea. Lucy alimwombea siku ya ubatizo tangu angali mchumba.

Halafu asubuhi moja bibi, ambaye kila siku alikuwa akimtazama mkwe wake kutoka barazani akishusha sahani na kuinama kama mtu aliyedondosha pete, akasema, "Lucy, mwambie mkwe nitabatizwa. Baharini siingii. Nitaingia kwenye maji yake."

Lucy alilia mpaka uji ukaungua. Mchungaji Isaya akapanga Jumapili, akatoa majoho meupe ya ubatizo kabatini, yakafuliwa.

Wiki hiyohiyo bwawa likachafuka. Ulikuwa msimu wa kiangazi, chemchemi imelegea, na juu ya maji ukatanda utando wa kijani wenye unga mweupe kwa juu. Sahani ilipotea kabla hata ya fundo la kwanza kulowa vizuri. Andrea alipandisha nyekundu akashika tama. Alimfahamu mama mkwe wake. Nia hii ilikuwa imemchukua miaka kuijenga, na ikipoa leo, nani ataiwasha tena?

Ndipo shamba la Nanyamba likamshauri vibaya. Mtu yeyote mwenye mikorosho katika mkoa ule anaujua ubwiri unga, ugonjwa unaofunika maua kwa unga mweupe na kuyakausha. Dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine alfajiri, upepo ukiwa umelala. Msimu uliopita Andrea alikuwa ameokoa mikorosho yake yote kwa salfa, na tangu hapo hakuona ugonjwa duniani usiofaa kupuliziwa. Aliutazama ule weupe juu ya utando. Akaukodolea macho. "Ubwiri unga huu," akajiambia. "Umehamia majini."

Ijumaa alfajiri alijitwika mashine mgongoni, akaiwasha, na kulizunguka bwawa lote kwa mwendo wa askari.

Mwanga ulipotoka, mtaa mzima uliamka ukiwa wa njano. Salfa haizami. Ilikuwa imelala juu ya maji kama uji wa dengu, na iliyobaki ilichukuliwa na upepo mdogo wa asubuhi ikatua kwenye madirisha, kwenye mihogo iliyoanikwa, na kwenye bata wa Laurinda, waliokuwa weupe jana. Kwenye kamba ya nguo uani kwa mchungaji, majoho ya ubatizo yalikuwa yananing'inia, ya njano kuanzia kola mpaka pindo. Watu walitoka wakipiga chafya na kufikicha macho.

Laurinda alisimama kando ya gati, mikono kiunoni, bata wake wakimfuata nyuma.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba," Andrea akajibu kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Nilikuwa nauliza tu. Ile kanuni ya kutia kitu bwawani. Ndoo moja ya maji ya perege ilikuwa nyekundu. Hii yako tuipe rangi gani?"

Watu wakacheka, lakini Mchungaji Isaya, mtu wa huruma, akamvuta Andrea pembeni. "Mzee wangu, usijitese. Salfa watu wanaipuliza kila msimu, na hawafi. Tutaiondoa hiyo ya juu, Jumapili tutabatiza. Bibi asije akaghairi."

Lucy naye, macho yamemwiva kwa salfa na kwa mengine, akamnong'oneza, "Baba Neema, nakuomba. Nyekundu ya jana ishushe. Hakuna atakayekulaumu. Mama akirudi nyuma leo, hatasogea tena."

Hapo maji yakamfika Andrea shingoni. Kamba ya bendera ilikuwa mkononi mwake na hakuna mwingine aliyeigusa. Moyo ulimwambia ashushe. Alimpenda mke wake, na zaidi ya hapo aliitaka siku hiyo kwa ajili ya yule bibi ambaye hajawahi kumwambia neno. Akainua macho akamwona barazani, amesimama, ameshika nguzo, anamtazama yeye na kamba yake. Akafikiria kumwingiza mama yule kwenye maji yasiyoonekana chini, yaliyotiwa asichokijua vizuri yeye mwenyewe.

Nyekundu ilikuwa imelegea, imeshuka mpaka nusu mlingoti. Andrea akaivuta mpaka juu kabisa, akaifunga fundo la bandarini, lile lisilofunguka kwa mzaha. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika nyumba zote: "Mimi ndiye niliyetia kitu bwawani. Hakuna anayeingia mpaka apime afisa afya. Hata Jumapili."

Lucy aliondoka akaelekea nyumbani. Bibi Magreth akaingia ndani na kufunga mlango.

Beatrice, afisa afya wa kata, alifika mchana na chupa zake za kuchukulia maji. Alikuwa mwanamke mcheshi, na alipoambiwa habari ya salfa ilibidi aketi kwanza kwenye gati mpaka kicheko kimwishe.

"Shikamoo mzee. Nimeona watu wakitia chokaa, wakitia majivu, na mmoja alitia soda. Salfa ndiyo naiona leo." Akachota maji, akanusa, akazunguka bwawa. "Huu si ubwiri unga. Huu ni mwani, mimea midogo ya kijani inayonenepa kwa chakula. Nani anatupa pumba humu?"

Mikono ikaanza kunyooka, mmoja baada ya mwingine, ukiwemo wa mchungaji. Kumbe kila nyumba ilikuwa inawalisha perege wa bwawani pumba na ukoko wa wali kila jioni, kwa siri, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Andrea naye akanyoosha wa kwake, polepole.

"Basi samaki wameshiba na bwawa limevimbiwa," Beatrice alisema. "Acheni kutupa. Zibueni mfereji wa kutolea maji, naona umejaa magugu. Salfa ivueni. Mimi nitarudi kupima mpaka nitakaporidhika, na msiniulize ni lini."

Kazi ilianza jioni ileile. Waliivua salfa kwa vyandarua vikuukuu, wakichapana nayo na kuimba. Andrea alishuka kwenye mfereji na jembe, Laurinda akashuka naye. "Siwezi kukosa kukuona ukitoka jasho," alimwambia, na akachimba kuliko mwanaume yeyote pale. Kilichomuuma Andrea ni nyumbani. Jumapili ya ubatizo ilipita kama Jumapili nyingine. Bibi Magreth alikula, akasali, akalala. Hakuagiza hata chumvi. Andrea alimeza chakula kisicho na ladha na kusadiki kwamba ameipoteza siku ile moja kwa moja.

Bwawa lilijisafisha kwa mwendo wake. Waridi lilifika fundo la kwanza, likakaa hapo, kisha la pili. Siku Beatrice alipoleta majibu ya vipimo na kusema "ogeni", bendera ya kijani ilipanda na watoto wakapiga kelele mpaka bata wakakimbia. Andrea alikuwa anakunja kamba yake aliposikia sauti ya mkewe barazani.

"Baba Neema! Mama anasema, mwambie mkwe aandae sahani kwa Jumapili."

Jumapili hiyo mtaa mzima ulikuwepo. Majoho yalifuliwa mara nyingi lakini njano haikutoka yote, kwa hiyo Bibi Magreth alishuka kuelekea gatini akiwa na rangi ya embe linaloanza kuiva. Mchungaji Isaya alikuwa tayari ndani ya maji. Bibi hakumtazama. Alisimama kwenye mbao, akaelekeza kidevu kwenye sahani, na Andrea akaishusha. Fundo la kwanza. La pili. La tatu. Bibi akainama, akatazama muda mrefu.

"Lucy, mwambie mkwe ashushe zaidi."

Akashusha la nne. Waridi lilikuwa pale pale, jekundu, linawatazama.

Bibi akateremka ngazi moja, maji yakamgusa vidole, na hapo mguu ukagoma. Lucy akanyoosha mkono, bibi hakuupokea. Akageuka, akamtazama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza.

"Andrea," alisema. "Wewe uliyenikataza kuingia. Nishike."

Andrea alisahau sahani, akasahau suti. Aliruka majini akampokea mkono, mkono mdogo wenye nguvu.

"Mwenyekiti!" Laurinda akapaza sauti kutoka kwenye majani. "Umeingia na viatu! Kanuni inasemaje?"

Bibi Magreth akatazama chini. Maji yalikuwa maangavu, na viatu vya mkwe wake vyeusi vya kanisani vilionekana vizuri, mpaka kamba zake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka joho likatikisika, na akiwa bado anacheka akashuka ngazi ya pili, ya tatu, mchangani.

"Mwambieni Laurinda," alisema, bila kuuachia mkono, "bendera nyekundu itapanda nikishatoka."