Mstari Juu ya Jina la Arvid

"Hivi, Verna, jina la marehemu limo kwenye kile kitabu au halimo?" Dolores, jirani yake, aliwahi kumuuliza hivyo wakimenya viazi kwa ajili ya chakula cha kanisa. Verna alijibu kwamba limo, akaomba apitishiwe kisu kingine.

Limo, lakini limekatwa kwa wino mwekundu.

Chuo chao cha Kilutheri, kilimani huko Iowa, hakijawahi kuzidi wanafunzi mia sita. Tangu kianzishwe, kila mwanafunzi mpya hutia sahihi kwenye kitabu kimoja, mbele ya madhabahu. Anayeacha masomo jina lake hukatwa. Anayeondoka kwa ruhusa huandikiwa hivyo pembeni. Arvid, mumewe Verna, aliondoka mwaka wa tatu, baba yake alipovunjika mgongo na mahindi yangali shambani. Mkuu wa masomo alimpa barua ya ruhusa. Lakini karani, badala ya kuandika pembeni, akapiga mstari. Arvid akalima mpaka akafa, wala hakulalamika.

Miaka thelathini na moja Verna amefagia kanisa la chuo, na ufunguo wa kabati la kitabu anao yeye. Sasa chuo kinafungwa. Alhamisi, baada ya sala ya saa nne, Bwana Boe, msajili, alikuja na sanduku kukichukua kitabu akipeleke makumbusho ya jimbo.

Verna akampa ile barua ya ruhusa ya Arvid. Boe akaisoma mara mbili.

"Haya huamuliwa na kamati, Bi Verna. Nayo imeshavunjwa."

"Basi amua wewe."

"Unanitia majaribuni." Akacheka kidogo. "Sikia, mama. Mimi nakwenda kunywa kahawa. Kalamu hiyo hapo. Nikirudi, sijaona kitu."

"Ningetaka kufanya kwa kificho, ufunguo ninao tangu wewe hujaota ndevu."

"Sasa unataka nini?"

"Ofisi ndiyo iliyokata. Ofisi iandike."

Boe alijikuna shingo. Akavaa miwani, akafunua ukurasa wa mwaka hamsini na nane, akaandika pembeni mwa jina: *aliondoka kwa ruhusa*, na tarehe ya barua, na sahihi yake.

"Mstari wenyewe siwezi kuufuta," alisema.

Verna aliinama akasoma, neno kwa neno. Akangoja wino ukauke. Kisha akachukua koti lake kitini, akatoka.