Mstari Mmoja wa Mtoto

Saa nne asubuhi Papa Barthélemy, karani wa karatasi za safari pale Kalemie, alikuwa anakula samaki, mukebuka wa kukaanga, juu ya faili za watu. Bertille alisimama mbele yake, Siméon wa miezi minane mgongoni. Mume wake, Évariste, fundi vyuma kule Ubelgiji, alikuwa ameomba jamaa zake wamfuate wakakae naye moja kwa moja: mke mmoja, mtoto mmoja.

Kwenye mstari wa mtoto, Barthélemy aliandika Gérard. Gérard alikuwa mpwa wake, mtu wa miaka ishirini na saba, ana ndevu.

Bertille alikuwa amesoma shule ya jioni kwa masista, kwa hiyo aliona.

"Papa, huyu si mutoto wangu."

"Muhuri wa Zaire ukipita atakuwa wako, sitwayene," karani akasema, akimwita raia kama serikali ilivyotaka. Akalamba vidole, akagonga.

Masikio ya Siméon, yale mapana ya baba yake, yakahama. Jioni Bertille alimkuta Gérard uani, amekalia kinu, masikio yale yako kichwani mwake.

"Mama, bukari iko wapi?" akauliza, akitaka ugali wake.

Jirani, Mama Philomène, alipapasa kichwa cha Siméon, laini huku na huku kama kipande cha sabuni.

"Anasikia?"

"Anasikia."

"Basi, afadhali."

Gérard akasafiri peke yake, maana Bertille alikataa kumwacha Siméon. Évariste akaandika kwa furaha kwamba kijana anakula sana, lakini masikio hayana ubishi. Akauliza mke wake anangoja nini.

Bertille akarudi kwenye biro ya karani na fomu mpya. Barthélemy akachomoa mwiba menoni, akaupangusia kwenye picha ya Siméon.

"Nafasi ya mutoto ilishaisha, Mama. Ila mutoto aliyefiwa na mama, baba yake anamuchukua bila maneno. Njo sheria. Niandike umekufa?"

Muhuri ule Bertille aliujua, haukuwa na utani. Akamgeuza Siméon kifuani, akamfunika miguu kwa kitenge, akauliza kama muhuri unaweza kungoja amwachishe ziwa kwanza.

Karani akafunua kalenda kwa kidole chenye mafuta.

"Mwezi wa nane," akasema. "Zaidi ya hapo utanichelewesha kazi."