Shibiri Moja Juu ya Sakafu

Fundi viatu alichemsha mayai manne, akayamwagia maji baridi ili maganda yasimsumbue, akayamenya na kuyaponda kwa uma. Akatia kijiko cha mayonezi, chumvi, pilipili manga na kitunguu alichokikatakata kwa kisu chake cha ngozi, kisu ambacho mkewe alikipiga marufuku jikoni. Mkate ulikuwa wa jana. Ili slesi zisiachie njiani, alizifunga kwenye karatasi akazikandamiza chini ya chuma cha kugongea soli, kama afanyavyo kwa kiatu kilichotiwa gundi. Akasubiri huku moyo ukimdunda kama bwana harusi.

Na kwa nini asifurahi? Mkewe alikuwa keshia katika duka kubwa ng'ambo ya barabara, na makeshia wa pale walisimama tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Meneja aliamini kuwa keshia aliyekaa humtia mteja usingizi. Miguu ya mama wa watu ilivimba mpaka fundi akachoka kumpanulia viatu. Sasa meneja, kwa shingo upande, alikuwa amekubali kununua viti, na vilikuwa vinaletwa siku hiyo hiyo. Siku kama hiyo kiporo hakiliwi.

Dada yake fundi, keshia pia, alipita asubuhi kumchukua wifi yake. Akainusa sandwichi.

"Kaka, mbona inanuka gundi?"

"Inanuka mapenzi hiyo."

"Mapenzi mpe mkeo. Mimi nipe yai."

Wakaondoka wakicheka, kila mmoja na sandwichi yake mkobani.

Kibanda cha fundi kilitazamana na kioo cha duka, kwa hiyo aliona kila kitu. Mchana mkewe aliinamia upande wa ukuta, akala harakaharaka kati ya mteja na mteja, akafuta mdomo. Kisha akapanda hewani kiasi cha shibiri moja. Akaiweka sawa aproni yake, akaendelea kupima nyanya. Mteja mmoja alilalamika kwamba sasa inambidi kunyoosha mkono kupokea chenji. Wifi mtu kuona vile, akabugia yake bila hata kutafuna vizuri, naye akapanda, juu zaidi kidogo, maana alikuwa amelamba na karatasi.

Fundi alimwacha mteja wake na kiatu kimoja, akavuka barabara mbio, akagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Ni kitunguu!" alipiga kelele. "Nilijua tu! Kitunguu kile hakikuwa cha kawaida!"

Mkewe alimpungia mkono kutoka huko juu. Alikuwa anacheka, na fundi hakuwa amemwona akicheka akiwa kazini tangu aajiriwe. Machozi yalimtoka pale pale barabarani, na hakuona haya.

Meneja akaja. Akainama, akapitisha kiganja chini ya viatu vya keshia.

"Kwa hiyo miguu haigusi chini?"

"Haigusi, bosi."

"Basi haichoki."

Akapiga simu kuzuia viti visiletwe. Kisha akawaomba, kwa kuwa wako juu tayari, wapanguse vumbi kwenye rafu ya mwisho.

Jioni mkewe alitua mlangoni, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili. Fundi alimvua viatu huku akiropoka kwa furaha.

"Tazama soli! Safi kama zimetoka dukani! Ukiendelea hivi mimi nitakufa njaa, mke wangu!"

Kisha akashika miguu yenyewe. Ilikuwa imevimba vile vile kama jana. Alipobonyeza kwa kidole gumba, alama ilibaki.

"Sasa hii imekuwaje? Si umeelea nusu siku nzima?"

"Nimeelea nimesimama, baba. Nani kasema naweza kukaa?"

Fundi aliipakata miguu ile. Akaanza kuikanda.

"Meneja anasema kesho utengeneze sandwichi za makeshia wote," mkewe akasema. "Chumvi uongeze kidogo."

Basi fundi akainuka, akaosha sufuria, akapanga mayai ndani yake kwa ajili ya asubuhi. Mkewe akavuta kiti chao kimoja cha jikoni, akakaa, aproni ikiwa bado kiunoni.