Nafasi ya Mama Pacha

Daktari alikuwa ameshavua miwani, na daktari akivua miwani mbele ya mgonjwa huwa ana neno zito la kusema. Mkalimani alimwona kwenye kioo cha kompyuta akimwinamia mzee aliyelala kitandani. Mdomo wa daktari ukafunguka, ukabaki hivyo hivyo, na duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya uso wake.

"Samahani daktari," alisema Mkalimani. "Sikusikia. Naomba urudie."

Hakuna aliyemsikia. Ng'ambo huko, kwenye hospitali ambayo hajawahi kuikanyaga, mzee asiyejua lugha ya watu wale alikuwa anamtazama daktari, daktari anaitazama mashine, na mashine iko kimya. Duara lilipoacha kuzunguka, mzee alishakabidhiwa kwa mkalimani mwingine, na kwenye kioo kulikuwa na maneno mekundu: Simu imekatika. Kosa la mkalimani.

Alivua hedifoni, akakaa akiitazama ruta ya intaneti iliyoning'inia kwenye msumari karibu na dirisha. Taa yake ilikuwa nyekundu. Kosa la mkalimani, eti. Kwamba yeye ndiye waya.

Aliishi kwenye chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kilikuwa ofisi. Mchana godoro lilisimamishwa ukutani ili sauti isirudi mwangwi. Feni ilizimwa kwa sababu wagonjwa walilalamika kusikia upepo, kwa hiyo alifanya kazi huku jasho likimtiririka mgongoni. Mume alikwenda kutafuta maisha, akayapata, na huko huko akabaki. Binti yao alikuwa shule ya bweni, na kila shilingi ya bweni ilitoka kwenye kompyuta ile. Sasa kampuni ya ukalimani ilikuwa imemweka chini ya uangalizi. Simu zikiendelea kukatika hadi mwisho wa mwezi, wanamfungia akaunti, na mchezo umekwisha.

Nje ya dirisha, ng'ambo ya njia, Mama Pacha alikuwa kibarazani kwake akifanya kazi ile ile. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwenye mkeka, na yeye anaongea na hospitali huku anatikisa mguu kwa starehe. Hagandi, hakatiki, haombi kurudiwa. Taa ya ruta yake ilionekana hata kutoka huku, kijani kibichi. Walikuwa na kampuni moja ya faiba na kifurushi kimoja, na nyaya zao zilitoka kwenye nguzo moja iliyosimama kati ya nyumba zao.

Mkalimani aliona gere. Tusipambe maneno, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, na ilikuwa imeanza kumla siku nyingi. Alichukia ile taa. Alichukia ule mguu unaotikisika. Alichukia zaidi kwamba Mama Pacha ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii, akakaa naye jioni hadi jioni akimfundisha. "Usiseme 'anasema anaumwa,'" alikuwa akimwambia. "Sema 'naumwa'. Mgonjwa akiongea wewe ni mgonjwa, daktari akiongea wewe ni daktari. Wewe mwenyewe hupo." Mtu akikutendea wema wa namna hiyo, halafu mambo yakamnyookea yeye peke yake, unamfanyaje? Huwezi hata kumsengenya kwa raha.

Kutumia mtandao wa Mama Pacha haikuwezekana. Kampuni ya ukalimani ikiona watu wawili kwenye mtandao wa nyumba moja inawahesabu ni wadanganyifu, inawafungia wote.

"Labda ni mashine yako, shoga," Mama Pacha alimwambia mchana ule, akiwa ameegemea nguzo ya kibaraza. "Maana mimi mtandao wangu, namshukuru Mungu, hauna neno."

"Labda," alisema Mkalimani.

Alirudi ndani akapiga simu huduma kwa wateja. Muziki ulimpigia hadi akaujua. Kisha binti mwenye sauti laini akamwuliza kama ruta imewashwa.

"Imewashwa, mwanangu. Nimeizima na kuiwasha tangu mwezi uliopita."

"Pole sana mama. Huku kwetu naona laini yako iko sawa."

"Njoo uione huku kwangu."

"Nimekufungulia malalamiko, mama. Fundi atafika. Je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"

Mkalimani aliwaza mambo mengi ambayo binti yule angeweza kumsaidia, akakata simu.

Fundi alifika kesho yake na ngazi begani, mtu mzima mwenye kitambi, shati la kampuni limechanika kwapani. Hakuingia ndani kuangalia ruta. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaegemeza ngazi, akamwambia Mkalimani aishike chini isiteleze. Juu alifungua kisanduku cheusi, akachungulia, akaguna.

"Kuna nini?" aliuliza Mkalimani.

"Kuna msongamano. Kisanduku hiki ni cha wateja wanane, dada. Mmeuziwa kumi na tano. Ofisini wao wanauza tu. Wakishauza, sisi ndio tunakuja kuwapanga."

"Mnatupangaje?"

"Kama hivi. Wewe, kinyozi na duka la dawa nimewabananisha nafasi moja. Kinyozi akiwawekea wateja wake mpira, wewe unaganda."

Mkalimani aliangalia ng'ambo. Kibaraza kilikuwa kitupu, Mama Pacha yuko ndani anawaogesha watoto.

"Na Mama Pacha?"

"Yeye ana nafasi yake peke yake. Aliunganishwa mapema, kabla hakujajaa."

Muda wote huo Mkalimani alikuwa ameshajiaminisha kwamba kuna kitu. Labda bahasha, labda kuchekacheka na mafundi, maana Mama Pacha ana meno mazuri na anajua kuyatumia. Kumbe aliwahi tu. Hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa amehonga.

"Na hizo nyaya nne nene ni za nani?"

"Za nyumba ya geti." Fundi alielekeza kidevu mwisho wa njia, kwenye ukuta mrefu wenye kamera pembeni. "Moja ya nyumba, moja ya kamera, moja ya kibanda cha mlinzi, moja ya akiba."

"Akiba ya nini?"

"Akiba tu. Mwenyewe alitaka akiba."

"Haitumiki?"

"Haijawahi kutumika."

"Basi si unichomeke hapo, baba? Nani atajua?"

Fundi alicheka bila sauti, ngazi ikatikisika. "Dada, nina familia. Watu wale mambo yakiwaharibikia hawapigi huduma kwa wateja. Wanampigia bosi wa bosi wangu. Hizo haziguswi hata kwa kufuta vumbi."

Alikaa juu ngazini akijipangusa jasho kwa mkono wa shati. Hakuwa mtu mbaya. Mkalimani alijaribu kumchukia, akashindwa.

"Sikiliza nikwambie ukweli," alisema fundi. "Mimi silipwi mshahara. Nalipwa kwa malalamiko yaliyofungwa. Ya kwako lazima yafungwe leo. Nikikupa nafasi nzuri, kuna mtu namtoa nampeleka kule kwenye msongamano. Sasa nitajie nani. Mimi shida zenu sizijui."

"Nimtaje mimi?"

"Wewe ndiye jirani yao."

"Huyo mtu akilalamika je?"

"Atafunguliwa malalamiko. Nitakuja kuyafunga."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mgeni namna karata zinavyogawanywa. Mkalimani alishika ngazi kwa mikono miwili akaangalia chini. Kulikuwa na Bibi Mwalimu wa nyumba ya kona, mstaafu, ambaye intaneti yake kazi yake ni kuongea na wajukuu Jumapili. Angeweza kumtaja yeye, na dunia isingebadilika sana. Jina lake lilikuwa pale pale, limekaa ulimini. Lakini ng'ambo ya njia mlango ulifunguliwa, Mama Pacha akatoka na watoto wake waliong'aa mafuta, akaketi, akafungua kompyuta, akampungia mkono. Taa ya kijani ilikuwa inawaka nyuma yake.

"Mama Pacha ana mume," alisema Mkalimani kwa sauti ya chini. "Mume anafanya kazi. Hawawezi kulala njaa."

Fundi aligeukia kisanduku. Alichomoa huku, akachomeka kule, akafunga kisanduku. Kabla hajakunja ngazi, simu ya Mkalimani ililia mfukoni: Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupe nyota.

Alitoa zote tano.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani. Madaktari waliongea hadi mwisho wa sentensi. Wagonjwa walimlilia machozi yote. Alama zake zilipanda, na barua pepe ikaja kumwambia yuko kwenye njia nzuri. Jioni moja alimpigia binti yake bwenini akamwambia asome bila wasiwasi, mambo yameanza kukaa sawa.

Naye Mama Pacha akaanza kuchakaa. Mkalimani alimwona akihama na kompyuta kutoka kibarazani hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi uani, anainua mashine juu kama anayetafuta mwanga. Alimsikia akisema, "Samahani daktari, naomba urudie." Mguu hautikisiki tena. Ilimpa Mkalimani raha, na raha hiyo ilikuwa na kichefuchefu ndani yake, lakini ilikuwa raha. Alijikuta anapitapita dirishani kuangalia ile taa ya ng'ambo, ambayo sasa ilikuwa nyekundu. Kisha anajiambia amekwenda kufunga pazia.

Wiki ile ile Mama Pacha alikuja mlangoni, mtoto mmoja mgongoni, macho yamemvimba.

"Hodi."

"Karibu."

"Nikae kwako kidogo, shoga. Nyumbani naona nitaivunja ile mashine." Aliketi kizingitini akawa anampigapiga mtoto mgongoni. "Wamenisimamisha. Wanasema mimi ndiye kosa. Hebu fikiri, yule mgonjwa wangu, bibi mwenye mguu mbovu, alikuwa katikati ya kuniambia neno, nikaganda. Miezi yote niko naye, na leo ndiyo wanaamua habari ya mguu wake."

"Pole jamani."

"Mtandao wako vipi siku hizi?"

"Leo si mbaya," alisema Mkalimani, akasogea kidogo ili mgongo wake uizibe ruta.

"Basi hata wewe umepumzika. Baba Pacha ameomba ruhusa kazini, ameenda kumchukua fundi mwenyewe. Ameapa leo hatoki nguzoni hadi kieleweke."

Kompyuta ikalia. Sheria ya kazi ni kwamba mlango ufungwe mgonjwa akiwa hewani, lakini angeufungaje usoni pa mtu? Alivaa hedifoni, akageuza kiti, akapokea.

Kitandani alilala bibi mwembamba, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi gotini. Bibi alisogeza uso kwenye kioo, akamkagua.

"Wewe siye," alisema. "Yuko wapi yule dada mwingine?"

Mkalimani alimwambia daktari kwa lugha ya daktari: Namtaka yule dada mwingine. Daktari alitazama karatasi zake, akajibu kwa haraka, kwa adabu. Ilibidi jibu lirudi kwa Kiswahili, kwa sauti, chumbani mle.

"Yule mwingine mtandao wake ni mbovu, mama," alisema Mkalimani. "Tumekutafutia huyu. Huyu ni bora zaidi."

Mkono wa Mama Pacha uliacha kupigapiga.

"Mimi sitaki aliye bora," alisema bibi. "Yule nilishamweleza kila kitu. Mwambie namsubiri."

Namsubiri, alisema Mkalimani kwa lugha nyingine. Daktari akatikisa kichwa. Hakukuwa na muda wa kusubiri. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari, na walitaka bibi akubali au akatae mwenyewe, kwa mdomo wake, sasa hivi.

Nje, chuma kiligonga nguzo.

Mkalimani aliinua macho. Baba Pacha, bado amevaa sare za kazi, alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili. Fundi alikuwa ameshafika juu na kisanduku kiko wazi. Alikuwa akisema jambo huku akionyesha nyaya kwa kidole, moja baada ya nyingine, akaziruka zile nne, akaendelea.

"Mama, nisikilize upesi," alisema Mkalimani. Neno upesi daktari hakulisema. "Mguu wako hauponi. Tusipoukata leo, utakuua. Unakubali?"

Bibi aliutazama mguu wake. Kizingitini Mama Pacha alikuwa amesimama, hatazami nguzo, anamtazama yeye.

"Unakubali, mama?"

Fundi aliacha kusema, akatulia juu ya ngazi akisubiri kutajiwa mtu. Baba Pacha alitazama nyumba ya kona, akatazama kwa kinyozi, akatazama dirisha la Mkalimani. Kisha akaachia mkono mmoja kwenye ngazi, akainua kidole.