Joho la Mkatanuru

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na kama ilivyo kawaida ya wazazi, nusu ya mtaa ilikuwa imeleta vitambaa vya sare Alhamisi na kutaka nguo Ijumaa. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, kabana pini mdomoni, anatia marinda kwenye sketi ya buluu, aliposikia hodi. Mungu aliingia kwa ubavu. Hakuwa na namna nyingine, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu haushuki, na joho alilovaa lilimbana kuanzia shingoni hadi chini ya magoti. Joho lenyewe lilikuwa linawaka kiasi kwamba Fundi alilazimika kugeuza kiti.

"Shikamoo mama," mungu alisema.

"Marahaba." Fundi alitema pini kiganjani. "Funga mlango, vumbi linaingia. Nani kakuvalisha hivyo?"

"Mumeo."

Hapo hawakuhitaji kuulizana zaidi. Fundi alimjua mara moja, kama mtu anavyoujua mshono wake hata akiuona kwenye nguo iliyoanikwa kwa jirani. Mungu huyu alizaliwa humo humo chumbani, mwaka ule binti yake alipokuwa analia kwamba gauni limembana na kwamba basi yeye ni bonge. Fundi, huku anafumua, akamwambia kuna mzee mmoja anaitwa Babu Pindo. Babu Pindo ndiye aliyekata mbingu na nchi, na kwa kuwa alikuwa fundi mwenye akili zake, hakukata kitu sawasawa na kipimo. Kila kitu alikikunjia akiba kwa ndani: bahari, mchana, watoto. Mtoto akikua hajakosea kitu, ni Babu Pindo tu kaachia mshono kidogo.

"Na usiku je?" binti akauliza.

"Usiku ndio pindo lenyewe. Inua mkono nikupime."

Mtoto akanyamaza, akainua mkono, na hadithi ingeishia hapo. Lakini enzi hizo chumba hicho kilikuwa na meza ya pili, na kwenye meza hiyo alikuwa anakaa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Malenga. Miezi mingi alikuwa ameikodolea macho karatasi tupu kama mtu anayemsubiri mdeni wake atoke msalani. Siku ile aliandika mpaka chai ikapoa.

Kitabu kilipotoka, Babu Pindo hakuwa Babu Pindo tena. Alikuwa Mkatanuru, mungu wa kutisha, anayekata kila kiumbe kwa kipimo kimoja bila kubakiza hata unyuzi, mkono wa kuume kauinua na mkasi wa moto, mwilini "joho la nuru lisilo mshono". Kitabu kikatia fora. Mwalimu mmoja akaandika kwamba Mkatanuru ni ishara ya sheria, mwingine akasema ni ishara ya dola, na wa tatu, aliyekuwa na mambo yake, akasema ni ishara ya baba mkwe. Malenga akahamia chumba cha nyuma alichokuwa analala binti, akaweka kitasa mlangoni. Binti akahamia kwa mama yake, karibu na cherehani.

Fundi hakuwa na kinyongo na sifa. Alimwomba mumewe kitu kimoja tu: aandike mahali fulani kitabuni, hata kwa herufi za sisimizi, kwamba mungu yule alitoka kwa mkewe. Malenga alisema ataliangalia. Alikuwa bado analiangalia, na toleo la pili lilikuwa linaingia mtamboni jioni ya siku hiyo mungu alipopiga hodi.

"Kaa basi," Fundi alimwambia mungu.

"Siwezi kukaa, mama. Sijakaa tangu toleo la kwanza."

Fundi alilizunguka joho na tepu shingoni. Alipapasa mabegani, ubavuni, mgongoni. Hakuna mshono. Nguo isiyo na mshono haina pa kufumua, na aliyeivaa atakaa nayo hivyo hivyo mpaka kiama. Alimwangalia usoni, akaona kijasho kwenye mdomo wa juu, na roho ikamuuma hasa, maana mtoto ni mtoto, hata akiwa na ndevu zinazofika kitovuni. Akaenda kubisha chumba cha nyuma.

"Mkatanuru yuko chumba cha mbele," alisema. "Joho linambana."

Malenga alitoka na miwani yake kichwani. Alimzunguka mgeni taratibu, akauangalia mkono, ndevu, mkasi wa moto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila kitu kilikuwa kama alivyoandika.

"Umependeza," alimwambia.

"Ahsante, bwana."

"Bwana? Huyu unamwita mama, mimi unaniita bwana?"

"Huyu ndiye aliyenizaa," mungu alisema kwa upole. "Wewe ulinivalisha."

Malenga alikohoa, akasema mtindo wa kisasa unaruhusu tafsiri nyingi. Fundi hakumpa nafasi ya kuendelea.

"Baba, piga simu kiwanda cha uchapaji. Neno moja tu. Waondoe 'lisilo mshono' waweke 'lenye mshono', mimi nitamalizia hapa hapa. Na ukishakuwa kwenye simu, waambie na lile jina langu."

"Haiwezekani. Kile kifungu kinafundishwa. Watoto wamekijibia mtihani."

"Mwenyewe anaumia."

"Haumii. Yule ni ishara," Malenga alisema. "Ishara haziumii, mke wangu. Wala hazichoki."

Mungu alikuwa ameegemea kabati la vitambaa, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Fundi akasema kwamba wahenga hawakuwa wajinga waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako. Malenga akarudi chumbani akafunga kitasa.

Basi Fundi akapiga magoti na mkasi wake. Nuru haikatiki kirahisi. Ilikuwa inateleza kwenye makali kama sabuni. Lakini aliposhuka chini, alikuta kitu ambacho washairi wote husahau na mafundi hawasahau kamwe. Malenga alikuwa ameandika shingo ya joho, mabega, kifua na mikono, akafika magotini, akanogewa na vina, akaruka mstari. Hakusema joho linaishia wapi wala linaishiaje. Halikuwa na pindo. Kule chini nuru ilikuwa imeachwa hivi hivi, inachanika, nyuzi zake zinaburuzika sakafuni.

"Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hafanyi hivi," Fundi alisema, akashika uzi mmoja akauvuta.

Ubavu wote ukafumuka mpaka kwapani. Mungu akashusha pumzi, kisha akashusha mkono. Fundi alipima pengo, akatafuta kitambaa, hakukuwa na kingine ila buluu ya sare. Akakata kipande kirefu, akakipachika pale ubavuni na chini ya kwapa, akapiga cherehani mara mbili ili kisije kikaachia, na kwa ndani akakunja akiba ya kutosha, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mungu huyo kukunja hivyo. Halafu akamaliza pindo kwa mkono. Mungu akakaa kwenye stuli, akafumba macho.

Mchana ule ulirefuka. Jua lilifika mahali pake pa kuzama likasogea pembeni kidogo, na mtaani watu waliona viatu vimewalegea na mikanda imepata tundu la ziada. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare alisema afadhali, alikuwa bado hajafua. Fundi alimaliza sketi zote zilizobaki bila kukimbizana na giza. Kulikuwa na nafasi hata ya kupiga simu kiwandani. Malenga aliutumia muda huo kulala.

Uzinduzi wa toleo la pili ulifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata, ukumbi umejaa mpaka watu wamesimama kwenye madirisha. Mungu alikuja na Fundi na binti, wakakaa viti vya nyuma. Mchapishaji alipouliza kama kuna mwenye neno, mungu alisimama, na kwa kuwa alikuwa anawaka, kila mtu alimwona.

"Mimi ndimi Mkatanuru," alisema. "Nyumbani naitwa Babu Pindo. Mama yangu ni huyu hapa. Alinitunga yeye, akiwa anashona."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyebisha, mungu alikuwa mbele yao na sauti yake ilieleweka vizuri. Mchapishaji alimshukuru mgeni kwa kufika licha ya majukumu yake, kisha akamwomba Fundi asimame apigiwe makofi, kwa sababu kuishi na mshairi si mchezo. Fundi alisimama. Alifungua mdomo aseme, lakini makofi yalikuwa mengi, na yalipokwisha mchapishaji alikuwa amekwisha kumpa kipaza sauti mwalimu wa safu ya mbele.

"Swali langu ni kwa Malenga," mwalimu alisema. "Naona joho la Mkatanuru sasa lina kipande cha buluu ubavuni. Katika toleo la kwanza hakikuwepo. Kina maana gani?"

Malenga aliinuka jukwaani. Alimtazama mungu kwa mbali, akakiangalia kile kipande, akavua miwani.

"Hiyo buluu," alisema, "nimeibeba moyoni kwa muda mrefu."

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa kuandika. Fundi alilia pale pale kwenye kiti, machozi ya hasira, bila kujificha. Binti alimpa leso. Mungu alimzungushia mkono wake wa kulia begani.

Mwalimu aliuliza tena kama mtunzi aliwahi kujifunza ushonaji. Malenga akasema hapana, ule alijaliwa tu.