Mshono wa Siku ya Ishirini na Nane

Usiku wa jana niliota nimeletewa kazi na mteja ambaye alikuwa bado hana kichwa. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, amesimama juu ya meza yangu ya kukatia, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba. Mimi ni fundi cherehani hapa Kondoa mwaka wa kumi na tisa huu, wateja wa kila namna nimewaona.

"Nataka unifunge mgongo," akasema. Alisemea wapi sikuuliza.

Mgongo wake ulikuwa kama kitambaa bapa, umelala wazi toka juu hadi chini, kingo mbili zimeinuka kidogo. Kazi nyepesi: kukunja, kukutanisha kingo, kupiga mshono mmoja. Nikamjibu ninavyowajibu wote.

"Njoo Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa tu."

"Leo niko siku ya kumi na nane," akasema. "Ikifika ya ishirini na nane mgongo uwe umefungwa. Ikipita hapo haufungiki tena."

Nikamwambia siku kumi ni nyingi, mimi nimewahi kushona suti ya bwana harusi kwa siku mbili. Sikumwambia kwamba bwana harusi alioa na koti la kaka yake.

Meza ikawa benchi la kliniki. Nimebanwa katikati ya seli, kila moja na kadi yake mkononi. Ni seli za neva ambazo bado hazijawa za neva.

"Mimi nimepangiwa kidole gumba cha mguu wa kushoto," inasema iliyo karibu nami. "Nitakuwa nakiambia kijikunje."

"Utaanza lini?"

"Ukishafunga, fundi. Kwa sasa nagawanyika tu, tupatikane wa kutosha." Ikagawanyika hapo hapo, zikawa mbili. Nikasogea kuzipisha.

Halafu droo ya cherehani ikajivuta yenyewe. Kati ya vifungo kikatoka kidonge cha manjano, kimenuna.

"Wiki tatu," kikasema. "Wiki tatu nalala na vifungo."

Nilikijua. Ni foliki asidi ya mdogo wangu, Mwajabu. Mtoto wake wa kwanza, Shamimu, alizaliwa na mgongo wazi, na daktari alimwambia mama mtu avimeze vidonge hivi kabla hajabeba mimba nyingine, asisubiri kwanza ajijue. Kwa kuwa duka la dawa limepakana na kibanda changu, akanituma mimi. Nilivichukua siku ile ile. Kumpelekea ndiko nilikosema kesho.

"Nilikuwa na sare za shule," nikajitetea.

"Najua. Sketi arobaini na moja. Nilizisikia zote."

"Kwani wewe ndiye unayefunga mgongo?"

"Sijasema hivyo. Mimi naleta uzi. Wapo wanaofungika bila mimi, na wapo wasiofungika hata nikiwepo. Lakini kwenye droo nasaidia nini?"

Kibanda kikajaa maji ya uvuguvugu.

Sasa nashona chini ya maji, na cherehani inafanya kazi vizuri tu. Naanzia katikati, napanda kichwani, nashuka kiunoni. Pale mshono unapopita, seli zinajipanga ndani, kavu, kila moja na kadi yake. Karibu na kiuno uzi unaisha. Umebaki uwazi wa mishono mitatu.

Maji yanapiga pale pale. Seli ya kidole gumba iko hapo. Imeacha kugawanyika na inaota mvi.

"Nimekomaa," inasema.

"Mapema hivi?"

"Tukiachwa wazi ndivyo tunavyokuwa. Hatufikii idadi tena, na wenzangu maji yanawala." Inaachia kadi yake, kadi inaelea.

"Na kidole gumba je?"

"Kitakaa kikisubiri kuambiwa."

Hapo nikaona aibu, aibu ya kweli, hata ndotoni. Nilimkumbuka Shamimu na kiti chake cha magurudumu, anavyopita juu ya vitambaa vyangu makusudi. Kila Idi namshonea suruali, na kila Idi namuuliza kama inambana miguu. Jibu lake ni moja: "Mama mkubwa, miguu haijaniambia."

"Uzi!" nikapiga kelele. "Leo ni siku ya ngapi?"

"Bado ya kumi na nane," akasema mteja. "Hii ilikuwa ya kujaribia tu. Nguo yenyewe bado. Ila usiniambie tena Ijumaa."

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nilivitoa vidonge kwenye droo, nikaenda ng'ambo ya mto kwa Mwajabu bila hata kunawa uso. Nilimkuta anafagia uani.

"Dada! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimeleta vidonge vyako. Nisamehe, nimechelewa."

Alivipokea. Kisha akanivuta nyuma ya jiko, Shamimu asisikie.

"Usimwambie mtu, hata baba Shamimu hajui," akasema. "Na mimi nimechelewa. Siku zangu zimepita, leo ya nne."

Nikahesabu kwa vidole kurudi nyuma, hadi pale mimba inapokuwa imeingia. Kumi na nne hadi siku zake zilipotakiwa kuja, na hizo nne: kumi na nane.

"Meza kimoja sasa hivi," nikamwambia. "Halafu vaa, twende kwa daktari."

"Jamani dada, leo nina nguo za kufua. Twende kesho. Siku moja ina nini?"

Nikamwita Shamimu alete maji. Alikuja nayo mapajani, kikombe kimejaa pomoni, hakumwaga hata tone. Mwajabu alimeza huku ananitazama, kwa sababu nilikuwa nalia, na sikuweza kumweleza kwamba mteja wangu ana siku kumi, na kwamba mimi nilimwambia ni nyingi.