Aliyeshika Kipaza Sauti

Kabla mama hajafa aliniagiza jambo moja tu juu ya vitu vyake. Jiwe dogo la kusagia nilirudishe kwao, ng'ambo ya mto Malaba, kwa mama yake.

"Hilo kubwa libaki," alisema. "Hili nilikuja nalo mkononi. Lirudi."

Niliitikia. Lakini baada ya mazishi, mama mkubwa Roselida, mke wa kwanza wa baba, aliyahamishia mawe yote mawili jikoni kwake, nami nikanyamaza. Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Hata shuleni, kabla sijatolewa darasa la nne ili nimuuguze mama, wenzangu waliniita Kigoda.

Muda si mrefu baada ya Uhuru, Bwana Wabwire akaja kijijini kwetu Bukhayo na Landrova na mashine ya kunasa sauti. Alitumwa na chuo cha Nairobi kukusanya vitu vya nyumbani: vibuyu, vigoda, mitego ya samaki. Mwenye kitu alisimulia habari zake ndani ya mashine, kitu kikafungwa karatasi yenye jina lake, naye akapewa blanketi. Kitu chenyewe kilikwenda Nairobi, kisirudi tena.

"Kitu kisicho na maneno yake ni kuni tu," alituambia. "Watoto wenu watakuja wasikie."

Jirani yetu, mzee Ongodia, alitangulia na mrija wake wa kunywea pombe. Aliposikilizishwa sauti yake aliruka.

"Huyu ni nani? Huyu amelewa!"

"Ni wewe, mzee."

"Basi mke wangu amekuwa akisema kweli."

Watu walikuwa bado wanacheka Roselida alipotua mawe chini. Alitaka kusaga huku akisimulia, mlio uingie pia. Ikabidi mtu amshikie kipaza sauti.

"Mpe Nanjala," akasema. "Huyo hata ummwagie maji moto, hasemi."

Wakacheka tena. Bwana Wabwire akanikabidhi kile kipaza sauti. Kwa kuona haya nilikikumbatia kifuani, chini ya kidevu, kama kifaranga. Magurudumu mawili ya utepe yakaanza kuzunguka.

"Haya mawe," Roselida alianza, mikono ikienda na kurudi, "nilipewa na mama mkwe siku nilipoolewa. Mwenzangu, yule marehemu, alikuja hapa mikono mitupu. Hata kusaga, ni mimi nilimfundisha."

Nilimtazama baba. Alikuwepo siku mama alipoingia na jiwe lake. Alikuwa anatazama magurudumu.

Roselida alipomaliza, Bwana Wabwire akarudisha utepe, akafungua sauti. Jiwe likasikika likikwaruza. Sauti ya Roselida ilitoka mbali, kama mtu anayeita kutoka mtoni. Ikafika pale pa mikono mitupu, na juu yake ikatoka sauti nyingine, kubwa, karibu kabisa:

"Sivyo."

Sikujua kwamba nilikuwa nimesema. Hakuna aliyecheka.

"Futa hiyo," Roselida alisema.

"Nikifuta ya kwake nafuta na ya kwako, mama. Zimeingia pamoja." Akamgeukia baba. "Mzee Japheth, ukweli ni upi?"

Baba alikuna goti. "Andika vile mkubwa amesema. Mtoto ana uchungu wa mamake."

Bwana Wabwire akaandika jina la Roselida kwenye karatasi mbili. Moja akaifunga kwenye jiwe kubwa. Ya pili akabaki nayo mkononi, akitafuta. Jiwe dogo lilikuwa kwangu. Nilikuwa nimelibeba, na unga ungali juu yake.

"Wewe, weka hilo chini," Roselida alisema.

"Hili ni la mama. Linarudi kwao."

"Tazama, limejifunza kuongea! Ukitoka na hilo jiwe, Nanjala, chungu changu usikijue tena."

Nilimngoja baba aseme neno. Alikuwa analiangalia lile blanketi jipya lililokunjwa mbele yake. Nikamrudishia Bwana Wabwire kipaza sauti chake, nikalifunga jiwe ndani ya leso, nikaliweka kichwani, nikaifuata barabara ya Malaba. Hakuna aliyeniita.

Ng'ambo ya mto, nyanya, mamake mama, alilijua jiwe kabla sijalifungua lote. Alilipapasa, akalisimamisha juu ya jiwe kubwa la jikoni kwake. Halikukaa vizuri, likawa linayumba.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Amepelekwa Nairobi, nyanya. Na mashine inayosema habari zake."

"Nani anasema?"

"Mama mkubwa."

"Anasema nini juu ya mtoto wangu?"

Nikamwambia, hata lile la mikono mitupu. Sikuweza kumtazama usoni.

"Na hakuna mtu alimkataza?"

"Mimi. Neno moja tu."

Nyanya akamwaga punje chache za wimbi juu ya jiwe kubwa, akaanza kusaga. Jiwe dogo liliruka, likatupa nafaka sakafuni. Akazikusanya kwa kiganja, akazirudisha, akasaga tena.

"Utalala hapa," alisema.